Kabari na Gogo: Wafanyakazi na Wasomi wa Burundi Mbele ya Sanduku la Kura, 1957–1993

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tuliwapa wanafunzi wetu kifungu cha habari kuhusu chaguzi za Marekani. Kifungu chenyewe hakikuwa kigumu, ila kilikuwa na istilahi moja iliyowashinda wengi, nayo ni ile inayotaja hoja ambayo mwanasiasa huitupa katika kampeni si kwa lengo la kuitatua, bali kwa lengo la kuwatenganisha wapigakura ambao kwa hali yao ya maisha wangepaswa kusimama pamoja. Wengine waliandika "hoja tata", wengine "suala nyeti". Mwanafunzi mmoja kutoka Muyinga, aliyelelewa na mpasua mbao, aliandika "hoja ya kabari". Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, kwa sababu neno lilikuwa limekaa mahali pake. Kabari haina makali ya shoka. Huchomekwa penye ufa uliokwisha kuwapo, na anayelipasua gogo ni mwenye nyundo.

Mjadala ulipopamba moto, mwanafunzi mwingine aliuliza: "Mwalimu, inakuwaje fundi wa kiwanda huko Marekani ampigie kura mtu anayetetea wenye kiwanda?" Kabla sijajibu, jirani yake akamwuliza: "Na kwetu je? Mkulima wa kahawa wa Gitega aligombana na mkulima mwenzake kwa ajili ya nini?" Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo la pili. Naomba radhi kwa wasomaji waliozoea kuona ushairi na isimu katika kurasa hizi, lakini nadhani kabla hatujafika mwisho tutakuwa tumerudi kwenye lugha.

Kuhusu Marekani nitasema machache, kwa kuwa suala lao limeandikiwa vitabu vingi. Kaunti ya Macomb, katika jimbo la Michigan, iko kando ya Detroit, na wakazi wake wengi walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya magari na familia zao. Mwaka 1960 ilimpa John Kennedy asilimia 63 ya kura zake. Mwaka 1984 kaunti hiyo hiyo ilimpa Ronald Reagan, wa chama kingine kabisa, asilimia 66. Viwanda vilikuwa vile vile, na wapigakura wengi walikuwa wale wale au watoto wao. Kilichokuwa kimeingia katikati ni rangi ya ngozi, mabasi ya kuwapeleka watoto katika shule za mitaa mingine, vita vya Vietnam, utoaji mimba, na sala mashuleni. Tarehe 8 Mei 1970, mjini New York, mafundi wa ujenzi waliwashambulia kwa ngumi na kofia zao za chuma wanafunzi waliokuwa wakiandamana kupinga vita. Baada ya hapo haikuwa rahisi tena kumwambia fundi kwamba yeye na mwanafunzi yule, ambaye huenda naye ni mtoto wa fundi, wana maslahi ya pamoja.

Sasa turudi nyumbani. Katika Burundi ya miaka ya 1950 tabaka la wafanyakazi wa mshahara lilikuwa dogo sana. Raia walio wengi walikuwa wakulima, na mambo yaliyowabana hayakuchagua mtu: kodi iliyotakiwa kwa fedha taslimu, kazi za shuruti, na kahawa ambayo Wabelgiji waliwalazimisha kuipanda tangu miaka ya 1930 huku bei yake ikipangwa mbali na kilima kilipoota. Aliyeshindwa alivuka mpaka. Kutoka upande wa Muyinga watu walipita Ngara kwenda kutafuta vibarua Tanganyika, wengine wakafika katika mashamba ya mkonge, ambako waliitwa manamba pamoja na Waha na wengineo. Huko Mrundi alikuwa Mrundi tu. Msimamizi wa shamba alihesabu mafungu ya mkonge, hakuuliza mtu ni Mhutu au Mtutsi.

Hata hivyo ufa ulikuwapo, na ingekuwa uongo kudai kwamba wanasiasa waliubuni kutoka hewani. Mwaka 1929 nchi ilikuwa na machifu 133, na kati yao 27 walikuwa Wahutu. Kufikia mwaka 1945, baada ya Wabelgiji "kupanga upya" utawala, hakubaki chifu hata mmoja Mhutu. Shule kubwa ya makarani na wasaidizi wa utawala, ile ya Astrida iliyoko Rwanda (mji ambao baadaye uliitwa Butare), iliwapendelea watoto wa machifu na wa Watutsi. Mtoto wa Kihutu mwenye akili njia yake kwa kawaida ilikuwa seminari, kama ile ya Mugera hapa Gitega, na akitoka huko bila kuwa padri alikuta nafasi nyingi za ofisini zimekwisha kujaa. Kwa hiyo tabaka letu la kati, yaani makarani, walimu, wauguzi na wakalimani, lilizaliwa likiwa na kinyongo ndani yake. Mkulima Mtutsi wa kilimani hakufaidika na ofisi hizo, alilima na kulipa kodi kama jirani yake Mhutu. Lakini hesabu ya ofisini haikumhesabu yeye wala jirani yake.

Wafanyakazi wa mshahara walikuwa wakikusanyika Usumbura, ndiyo Bujumbura. Kulikuwa na Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wenye wafanyabiashara, mafundi na madereva waliotoka Kongo, Tanganyika na kila pembe ya Burundi. Kulikuwa na mtaa wa Belge, ambao leo ni Bwiza. Kulikuwa na Ngagara, yenye nyumba za kupangana zilizojengwa na shirika la OCAF, hata mtaa wenyewe ukaitwa Ocafu na wakazi wake. Na upande wa kaskazini kulikuwa na Kamenge, makazi ya vibarua na wafanyakazi wa viwandani, wengi wao Wahutu waliotoka vilimani. Katika mitaa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, ya soko na ya ugomvi. Mtu aliyekizoea alianza kuitwa Mswahili hata kama wazazi wake walikuwa Warundi wa kilimani. Tunajua kwamba huko vilimani jina hilo halikuwa sifa: "umuswahili" lilimaanisha mjanja, mtu asiyeaminika. Lakini tusisahau upande wake wa pili. Kwa mtu wa mjini lilikuwa jina la kujiita bila kulazimika kusema wewe ni Mhutu au ni Mtutsi, na hakukuwa na majina mengi ya namna hiyo katika nchi hii.

Ni katika mazingira hayo mwana wa mfalme, Louis Rwagasore, aliporudi kutoka masomoni Ubelgiji, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi mwaka 1957. Ushirika ulipata matatizo ya fedha mapema, na wanahistoria wa uchumi hawausifu sana. Lakini ulimpatia Rwagasore kitu ambacho wapinzani wake hawakuwa nacho: wachuuzi, madereva na wenye maduka wa Buyenzi, watu wanaosafiri, wanaofika Gitega na Muyinga siku za soko, na wanaozungumza na kila mtu. Waislamu na Waswahili wa mitaa hiyo walikuwa miongoni mwa waungaji mkono wake wa mwanzo kabisa, na chama chake cha UPRONA kilisafiri pamoja na bidhaa zao.

Wabelgiji walikipendelea chama cha PDC, kilichoongozwa na Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza, watoto wa chifu Baranyanka. Katika uchaguzi wa wilaya wa mwishoni mwa 1960, Rwagasore akiwa amewekwa kizuizini nyumbani, PDC iliongoza kwa viti 942, na UPRONA ikapata 545. Miezi kumi baadaye mambo yaligeuka. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64 vya Baraza la Kutunga Sheria, kwa takriban asilimia 80 ya kura.

Hapa napenda msomaji atulie kidogo. Ugomvi mkubwa wa uchaguzi ule ulikuwa nini? Ulikuwa uhuru wa haraka dhidi ya uhuru wa polepole, na nyuma yake ulikuwa mvutano wa zamani wa koo mbili za Waganwa, Bezi na Batare. Wabunge wa UPRONA walikuwa Wahutu na Watutsi kwa idadi zinazokaribiana, pamoja na Waganwa kadhaa. Na si kwamba kabari ya Uhutu na Ututsi haikujaribiwa. Kulikuwa na chama cha PP, Chama cha Umma, kilichojitambulisha kuwa chama cha Wahutu, na nyuma yake alisimama mlowezi wa Kibelgiji, Albert Maus. Nchi jirani ya Rwanda ilikuwa imekwisha kuwaka moto tangu Novemba 1959. Hata hivyo wapigakura wa Burundi, walio wengi wakulima wasiojua kusoma, waliiangalia kabari hiyo wakaiacha palepale. Maus alijiua baada ya matokeo. Sijaona ushahidi bora kuliko huo kwamba mgawanyiko haukutoka kwa mkulima.

Rwagasore aliuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa waziri mkuu kwa wiki mbili tu. Muuaji alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis, na njama ilifuatiliwa hadi kwa viongozi wa PDC. Biroli na Ntidendereza walinyongwa hapa Gitega Januari 1963, mbele ya umati. Tangu siku ile chama kilichowaunganisha watu kikabaki na jina la marehemu, na kiti chake kikawa kinagombewa.

Nyundo ya kwanza ilipigwa Kamenge. Katikati ya Januari 1962, miezi mitatu baada ya kifo cha Rwagasore na miezi isiyozidi sita kabla ya uhuru, vijana wa JNR, yaani umoja wa vijana uliobeba jina la Rwagasore mwenyewe, walivamia mtaa ule na kuwashambulia viongozi wa Kihutu wa vyama vya wafanyakazi vya Kikristo na wa PP. Nyumba zilichomwa. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Jean Nduwabike, mmoja wa viongozi wakuu wa vyama hivyo vya wafanyakazi. Waliofanya uvamizi wengi wao walikuwa vijana wa Kitutsi waliokwenda shule. Walidai kwamba wanalinda uhuru dhidi ya vibaraka wa Wabelgiji, na ni kweli kwamba vyama vya Kikristo vilikuwa na uhusiano na wenzao wa Kikatoliki wa Ubelgiji. Lakini waliouawa walikuwa watu waliodai mshahara wa kibarua.

Baada ya Kamenge, chama cha wafanyakazi kilikuwa na rangi. Vyama vya Kikristo vilihesabiwa kuwa vya Wahutu, na shirikisho la wafanyakazi la FTB, lililoongozwa na Augustin Ntamagara na kushirikiana na JNR, likahesabiwa kuwa la Watutsi. Dereva na kuli wa bandarini waliopokea ujira ule ule kutoka kwa kampuni ile ile walijikuta katika vyama viwili ambavyo viongozi wake hawakuweza kukaa meza moja. Katika historia nzima ya siasa zetu, hiki ndicho ninachokiona kuwa kituo muhimu kuliko vyote, na ndicho kinachotajwa kwa sentensi mbili tu, kikitajwa. Tunazungumza juu ya wafalme na marais waliouawa, na ni haki kuwazungumzia. Kuhusu kuli wa Kamenge tuko kimya.

Kwa nini ufa ulifunguka mjini, kwa watu wa mshahara, wakati vilimani watu walikuwa wamepiga kura pamoja miezi minne tu kabla? Kwa maoni yangu ni kwa sababu mjini palikuwa na kitu cha kugawana. Uhuru uliwaondoa maofisa wa Kibelgiji na kuacha viti, magari na nyumba zao. Waliokuwa na sifa za kuvikalia walikuwa wachache, wakajuana kwa majina, na wakajua nani amesoma Astrida na nani ametoka seminari. Katika UPRONA yenyewe, André Muhirwa na Paul Mirerekano waligombea urithi wa uongozi, mmoja Mganwa, mwingine Mhutu. Wakati huohuo wakimbizi Watutsi kutoka Rwanda waliingia kwa maelfu wakiwa na habari za yaliyowapata. Habari hizo zilimtisha Mtutsi aliyesoma, na baadhi ya Wahutu waliosoma walizisikiliza wakaona mfano wa njia ya kufika madarakani kwa wingi wa kura. Hofu na tamaa hizo mbili zilikuwa za watu wa ofisini, lakini zilihitaji wafuasi, na wafuasi walikuwa Kamenge, Ngagara na vilimani.

Kwa sisi walimu wa lugha majina ya makundi yenyewe yana funzo. Wabunge wa UPRONA waligawanyika wakaitwa kundi la Casablanca na kundi la Monrovia, majina yaliyoazimwa kutoka mikutano ya nchi za Afrika ya mwaka 1961. Casablanca, wengi wao Watutsi, walijiita wapinga ubeberu na walitaka urafiki na China. Monrovia, wengi wao Wahutu, walionekana kuelemea nchi za Magharibi. China ilitambuliwa mwishoni mwa 1963 na uhusiano ukavunjwa mwanzoni mwa 1965. Mchuuzi wa soko la Muyinga alikuwa na msimamo gani kuhusu Peking? Hakuulizwa. Aliambiwa tu mbunge wake yuko upande upi, na akaelewa kilichokusudiwa.

Januari 1965 waziri mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu, aliuawa siku chache tu baada ya kuteuliwa tena. Uchaguzi wa Mei 1965 ulifuata, na UPRONA ikapata viti 21 kati ya 33, PP viti 10, na wagombea binafsi 2. Kwa hesabu nyingine, ambayo sasa ndiyo iliyokuwa midomoni mwa watu, Wahutu walipata viti 23. Ona jinsi swali lilivyobadilika kwa miaka minne: mwaka 1961 watu waliuliza chama gani kimeshinda. Mfalme Mwambutsa hakumteua Mhutu kuwa waziri mkuu, alimteua Léopold Biha, Mganwa na mtu wa karibu na ikulu. Oktoba mwaka huo baadhi ya maofisa wa Kihutu walijaribu kupindua serikali wakashindwa. Watutsi waliuawa Muramvya, kisha viongozi wa Kihutu, akiwemo Mirerekano, wakapigwa risasi kwa makumi. Bunge likawa halina tena waliochaguliwa, na wapigakura hawakuulizwa jambo la maana kwa muda mrefu baadaye.

Ya 1972 siwezi kuyaeleza hapa kwa urefu yanaostahili. Uasi ulianza kusini tarehe 29 Aprili, Watutsi wakauawa huko, na serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa kuwakamata na kuwaua Wahutu nchi nzima. Makadirio ya waliokufa yanaanzia laki moja hadi laki tatu. Nitataja jambo moja tu linalohusu mada yetu: waliotafutwa kwanza ni walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, wanajeshi, na wafanyabiashara. Yaani lilikuwa tabaka la kati la Wahutu, dogo kama lilivyokuwa. Familia nyingi baada ya hapo ziliogopa kumpeleka mtoto shuleni, na sisi tunaofundisha tumeirithi hofu hiyo darasani kwa miaka mingi bila kuitaja kwa jina.

Waliokimbia waliunda vyama, na kati ya vyama hivyo viwili vinatuhusu. Mwaka 1979, vijana wa Kirundi walioishi Rwanda, Melchior Ndadaye akiwa miongoni mwao, waliunda UBU, "Umugambwe w'Abakozi b'Uburundi", Chama cha Wafanyakazi wa Burundi. Mwaka uliofuata, katika kambi ya Mishamo nchini Tanzania, Rémi Gahutu aliunda Palipehutu, chama cha ukombozi wa Wahutu. Kilio kilikuwa kimoja, watu wamefukuzwa na wamenyimwa, na kikapewa majina mawili. Jina la kwanza lilisema sisi ni wanaofanya kazi, la pili likasema sisi ni Wahutu. UBU haikudumu. Ndadaye aliihama mwaka 1983, na baadaye akawa mwanzilishi wa FRODEBU, chama ambacho jina lake halikutaja wafanyakazi wala Wahutu, lilitaja demokrasia. Palipehutu iliendelea kuishi kambini na msituni. Nadhani mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kukaa mwaka mzima juu ya majina haya matatu na asichoke.

Kisha ukaja Juni 1993. Ndadaye alipata takriban asilimia 65 ya kura za urais, Pierre Buyoya wa UPRONA zaidi kidogo ya asilimia 32, na Pierre-Claver Sendegeya, mgombea wa wapenda ufalme, asilimia moja na ushee. Siku chache baadaye vijana, wengi wao wanafunzi, waliandamana Bujumbura wakisema kwamba haukuwa uchaguzi, ilikuwa sensa: Wahutu wamehesabiwa na Watutsi wamehesabiwa. Maneno hayo yalisambaa kwa sababu yalikuwa mafupi na yalionekana kuwa na hesabu ndani yake. Basi tufanye hesabu. Wale wale walioandamana walizijua takwimu za vitabu vya shule, zinazosema Watutsi ni karibu asilimia 14. Zichukue kama zilivyo, ingawa ni za enzi za ukoloni na hazina uhakika mkubwa. Hata kama kila Mtutsi mwenye haki ya kupiga kura alimpigia Buyoya, zaidi ya nusu ya kura zake zilitoka kwa Wahutu. Na FRODEBU ilikuwa na Watutsi wake. Gilles Bimazubute, makamu wa spika, alikuwa mmoja wao. Ndadaye alimteua Sylvie Kinigi, Mtutsi wa UPRONA, kuwa waziri mkuu. Kura za 1993 zilikuwa zimechanganyika kuliko maelezo yake.

Lakini maelezo ndiyo yaliyoshinda. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimwua Ndadaye, na Bimazubute akauawa pamoja na wenzake wa FRODEBU. Siku hiyohiyo huko Kibimba, kando ya barabara ya kutoka Bujumbura kuja Gitega, wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya sekondari walifungiwa katika kituo cha mafuta wakachomwa moto. Watutsi pamoja na Wahutu wa UPRONA waliuawa vilimani, kisha jeshi likapita likiua Wahutu. Angalieni hao Wahutu wa UPRONA: waliuawa kwa kura yao. Walikuwa kipingamizi hai kwa ule usemi wa sensa, na walioamini sensa hawakujua wawaweke wapi.

Mjini mambo yalichukua muda zaidi. Mwaka 1994 na 1995 vijana wenye silaha waliwafukuza Wahutu kutoka Ngagara, Nyakabiga na Musaga, na Watutsi wakaikimbia Kamenge. Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Waswahili, zilikaa na mchanganyiko wake hadi Machi 1995, ziliposhambuliwa nazo na maelfu ya wakazi wakakimbilia Zaire. Juni mwaka huo jeshi liliingia Kamenge na wakazi wakatoka. Mtaa wa vibarua ambao kabari ilianza kugongwa mwaka 1962 ulibaki mtupu miaka 33 baadaye.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 na Katiba ya 2005 vilijaribu kuing'oa kabari kwa kuiandika wazi: serikalini na katika Bunge Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, jeshini nusu kwa nusu. Rafiki zangu wengine hawaupendi utaratibu huo, wanasema unawalazimisha watu kujitaja. Mimi naona ulifanya jambo moja la maana, maana kiti kikishahesabiwa mapema, mgombea hapati faida kubwa kwa kuwatisha watu nacho. Tangu hapo ushindani mkali umekuwa baina ya vyama vyenye viongozi wengi wa Kihutu, na ufa mwingine umejitokeza, wa mji na kilima. Mkulima aliyepata shule ya msingi bila ada mwaka 2005, na matibabu ya bure ya mama mzazi na mtoto mdogo mwaka 2006, hakuuona muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza kwa jicho la kijana wa Musaga au Nyakabiga aliyeingia barabarani Aprili 2015 akiwa na shahada bila kazi. Hilo ni somo jingine, na linahitaji mtu mwenye nafasi zaidi ya niliyopewa.

Nilisema tutarudi kwenye lugha. Katika Kirundi neno tunalolitumia ni "ubwoko". Wazee wakiulizwa ubwoko wao wanaweza kutaja ukoo, na ukoo mmoja unaweza kuwa na Wahutu na Watutsi. Wakoloni walilichukua neno hilo wakalibana litaje mambo matatu tu, Mhutu, Mtutsi na Mtwa. Sasa wanafunzi wetu wanapotafsiri kwa Kiswahili wanaandika "kabila", kwa sababu kamusi inawaruhusu. Lakini kwa msomaji wa Tanga au Mombasa, kabila ni watu wenye lugha yao, eneo lao na mila zao. Wahutu na Watutsi wana lugha moja, vilima vilevile na ngoma zilezile. Tukiandika "makabila mawili ya Burundi", msomaji huyo anapata picha ya mataifa mawili yaliyokutana barabarani, na anaona ni jambo la kawaida kwamba watapiga kura mbalimbali. Sentensi inakuwa imempa jibu kabla hajauliza swali.

Katika kusahihisha mitihani ya muhula huu nimekuta "kabila", "jamii", "tabaka", "kundi la asili", na mmoja aliyeacha "ubwoko" katika alama za kunukuu bila kutafsiri. Huyo wa mwisho nilimpa alama zote, lakini mwenzangu aliyesahihisha karatasi za pili alimkata, akisema tafsiri ni kutafsiri. Hatujaafikiana. Karatasi zile bado ziko mezani kwangu, na walimu wenzetu wanaokutana na neno hili madarasani mwao wanakaribishwa kutuandikia wao wanaliandikaje.